Sindano Isiyo na Uzi

Kasoro ya kwanza ilikuwa mshono mmoja tu, mweusi, mfupi kuliko punje ya mchele, kwenye kona ya kitambaa ambacho Mama Fremu alijua fika kwamba hakina uzi hata kidogo.

Alikuwa anapangusa kioo kilichokifunika asubuhi, kama alivyopangusa vioo vyote vya nyumba na duka kabla ya kufungua. Akadhani ni uchafu wa nzi. Akasugua. Haukutoka. Akatia mate kidoleni, akasugua tena mpaka kioo kikalia kwi, kwi, ndipo alipong'amua kwamba kidoa kile hakiko juu ya kioo. Kiko ndani. Na ndani hapaingii kitu, kwa sababu fremu ile aliifunga kwa mikono yake mwenyewe: kadibodi nyuma, misumari midogo pande zote, halafu utepe wa karatasi uliogandishwa kwa gundi ili hata vumbi lisipate upenyo.

"Mzee," alimwita mumewe. "Hebu njoo uone."

Mumewe alikuja na miwani ikiwa imemkaa puani. Yeye ndiye aliyekata vioo, mkewe akatengeneza fremu. Watu wa mtaani walipenda kusema kwamba ndoa yao imepigiliwa misumari na kutiwa gundi, ndiyo maana haiachii.

"Ni uzi," alisema. "Umesahau uzi humo."

"Sikusahau."

"Basi umeota mwenyewe. Mimi na wewe tunaota mvi, na kitambaa kimeota uzi." Akacheka, akarudi kwenye meza yake ya kukatia.

Mama Fremu hakucheka.

Mama yake alikuwa mdarizi. Tangu ujana wake hadi uzee hakuwahi kukaa bila sindano mkononi, na alipofariki aliacha masanduku ya kazi zake: foronya zenye ndege wanaotazamana, vitambaa vya meza vilivyozungukwa na maua ya zambarau, shuka moja la kitanda lililojaa majani mpaka mtu akaona haya kulilalia. Mabinti wawili wa marehemu, Mama Fremu na mdogo wake aliyeitwa Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga mlango wa uzazi, waliketi kitandani wakagawana bila kugombana, jambo ambalo majirani walilisifu sana. Kitinda ndiye aliyetoa wazo.

"Dada, hivi vitu vikirudi sandukuni vitaoza. Tuviweke nyuma ya kioo. Wajukuu wajue mikono ya bibi yao ilikuwaje."

Mama Fremu akaifanya kazi hiyo kama ibada. Aliosha kila kitambaa kwa maji baridi, akakianika kivulini, akakishikiza kwenye kadibodi kwa mishono midogo pembeni ili gundi isiguse nyuzi za mama. Kila aliyeziona fremu zile alitikisa kichwa na kusema, "Huyu ndiye mtoto." Na kila aliposifiwa hivyo, Mama Fremu aliinamisha macho kama mtu anayepewa pole kwa msiba alioufanya mwenyewe.

Kitambaa cha mwisho kilikuwa cheupe, kitupu. Ndicho kilichokutwa mapajani mwa mama asubuhi aliyofariki. Kitinda alikiinua dirishani, mwanga ukapenya katika vitundu vidogo vidogo visivyo na idadi.

"Mbona kimetobokatoboka?"

"Nondo," Mama Fremu alijibu upesi.

"Nondo gani hawa wanaokula kwa mstari?" Kitinda akacheka huku machozi yakimlengalenga. "Na hiki kitie kwenye fremu, dada. Ni cha mwisho alichokishika."

Akakitia. Akakitundika katika chumba cha nyuma alicholala mama, ambacho sasa walihifadhia mbao na kadibodi.

Ukweli wa vile vitundu ulikuwa mwingine, na hapakuwa na mtu aliyeujua isipokuwa yeye.

Mama alihamia kwao macho yalipomwishia. Macho yaliisha, mikono haikuisha. Aliweza kudarizi kwa kupapasa, lakini hakuweza kuutia uzi kwenye tundu la sindano. Kwa hiyo aliita. "Mwanangu, nitungie uzi." Sauti haikuwa na haraka wala hasira. Mteja yuko mbele, gundi inakauka, simu inalia, na sauti inatoka chumbani: "Mwanangu, nitungie uzi." Mama Fremu anakimbia, anatunga, anarudi, na kabla hajashika nyundo uzi umeisha, mama anaita tena.

Siku moja mteja mmoja alikuwa anafoka dukani kwa sababu picha yake ya harusi imekatwa ukingo, na sauti ikaita kutoka nyuma. Mama Fremu akaenda, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, uzi umekwisha."

"Umekwisha wote?"

"Wote. Nitanunua mwingine."

Akalichukua kopo la biskuti lililojaa nyuzi za kila rangi, akalipandisha juu ya kabati. Alikusudia kulishusha jioni. Jioni ikaja na mambo yake, kesho yake vilevile. Nyumba ikawa kimya, na hilo ndilo lililokuwa likimla ndani kwa ndani baadaye. Hakusahau. Aliuonja ule ukimya, ukawa mtamu, akaunyamazia.

Mama aliulizia mara kadhaa kama uzi umenunuliwa, kisha hakuulizia tena. Lakini mikono yake haikujua kukaa. Alishika kitambaa cheupe, akaanza kupitisha sindano tupu. Inazama, inaibuka, inazama, inaibuka, mchana kutwa, bila uzi. Mama Fremu alimwona. Alisimama mlangoni akamtazama, siku moja baada ya nyingine, kisha akarudi kwa wateja wake.

Basi ule mshono mmoja mweusi ukawa mstari.

Kila asubuhi uliongezeka. Ulifuata vitundu bila kuruka hata kimoja, ukapanda juu, ukakata kona, ukashuka. Mama Fremu aliacha kupangusa kioo kile. Alipita chumbani uso ukiwa umegeukia ukuta wa pili, akachukua kadibodi, akatoka mbio. Lakini pua haina kope za kufumba. Chumba kile, ambacho walikipaka rangi mpya baada ya maziko, kilianza kunuka tena dawa ya kuchua viungo aliyoitumia mama, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya kitu kilichofungiwa muda mrefu mahali pasipo hewa.

Kisha ukaja mlio. Ulianza siku mumewe alipokuwa anapima mbao chumbani humo na yeye yuko mlangoni anaandika vipimo. Tup. Halafu sss, taratibu, kama uzi unaovutwa ndani ya kitambaa kilichokazwa. Tup. Sss.

"Unasikia?" alimnong'oneza.

"Panya," alisema mumewe, lakini mkono wake wenye futi ulikuwa umesimama hewani.

"Panya hadarizi, baba."

Mume alishusha fremu ukutani, akaileta mezani kwake chini ya taa. Utepe wa nyuma ulikuwa mzima. Misumari ilikuwa mizima. Akaing'oa mmoja mmoja kwa koleo, akatoa kitambaa, akakiinamia. Mishono ilikuwa imeshachora kitu: mistari miwili iliyosimama, na mmoja wa juu ulioiunganisha. Mlango. Akashika ncha iliyobaki ikining'inia, akaivuta kidogo.

"Ah!" Mama Fremu alishika kisogo chake.

"Nini?"

"Hapana. Kichwa tu kimenichoma."

Mume aliiachia ile ncha. Aliitazama kwa muda, akamtazama mkewe, akatazama tena mezani. Ilikuwa nyeusi, kisha katikati ikageuka nyeupe. "Huu si uzi," alisema kwa sauti ya chini ambayo mkewe hakuwahi kuisikia tangu waoane. "Hizi ni nywele."

Siku hiyo walikubaliana wasimwambie mtu. Mume alikifunga tena kitambaa ndani ya fremu, akakirudisha chumbani kwa sababu hakutaka kiwe mahali pengine popote ndani ya nyumba, akafunga mlango kwa ufunguo. Na Mama Fremu alipojitazama kwenye kimoja cha vioo vya duka huku ameshika kingine nyuma ya kichwa, aliona kwamba kisogoni, chini ya kilemba, palikuwa na sehemu laini, tupu, mviringo, kama ya mtoto mchanga.

Ingekuwa usiku, angejipa moyo kwamba ni mambo ya usiku. Lakini lililomfika lilikuja alasiri, jua kali limesimama nje, wapita njia wanapiga soga barabarani. Mume alikuwa ameenda kufunga kioo cha kinyozi. Umeme ulikuwa umekatika na duka zima limetulia. Mama Fremu ameinama juu ya fremu, kalamu ya kupimia sikioni, ndipo sauti ikatoka nyuma, haina haraka wala hasira.

"Mwanangu, nitungie uzi."

Miguu yake ikainuka yenyewe. Hicho ndicho alichokisimulia baadaye: kwamba hakuwa na nia ya kwenda, kwamba moyo ulikuwa unampiga kifuani kama mtu anayetaka kufunguliwa, lakini miguu ilikuwa imeitwa hivyo miezi mingi, ikaitika kabla yeye hajaikataza. Alipofika, mlango waliokuwa wameufunga kwa ufunguo ulikuwa wazi, na ile harufu ya dawa ilikuwa nzito kiasi kwamba ilimwasha macho, na kati ya mbao zilizoegemezwa ukutani palikuwa na kiti cha mama kimegeuzwa mgongo, na kwenye kiti palikuwa na mtu mwenye mabega ya mama na khanga ya mama, ameinama kama mama alivyoinama, tup, sss, tup, sss, na mtu yule hakugeuka ila alinyoosha mkono nyuma, kiganja juu, ukiwa umeshika sindano, ukimletea yeye, na kidole kimoja kilivaa subana ya shaba ya kusukumia sindano, ile ile waliyomzika nayo, na Mama Fremu alipoutazama mkono ule vizuri aliona ngozi ni ya mama, mikunjo ni ya mama, kovu la kuungua ni la mama, lakini vidole vyote, hata gumba, vilikuwa na urefu mmoja.

"Uzi upo?" sauti iliuliza, mkono ule ukiwa bado umenyooshwa.

Na mdomo wake, ambao ulikuwa umezoea, ukajibu kabla yeye hajauzuia.

"Umekwisha."

Kile kitu kikacheka. Kilicheka polepole, kwa pumzi ya ndani, namna ambayo mama hakuwahi kucheka maisha yake yote. "Si kitu," kilisema. "Nimeshapata mwingine." Na Mama Fremu akahisi kisogoni mvuto mdogo, mpole, wa unywele mmoja unaotoka na shina lake, kisha wa pili, kisha wa tatu, kwa mwendo ule ule wa tup, sss, tup, sss, akataka kupiga kelele akakuta ulimi umeganda, akataka kukimbia akakuta anavutwa nyuma kwa nywele zake mwenyewe zilizonyooka hewani kutoka kichwani kwake hadi kwenye ule ukuta, hadi kwenye ile fremu, zikipenya kioo kizima kana kwamba ni maji.

Mumewe alimkuta sakafuni. Kisogo chote kilikuwa kipara. Kwenye kitambaa mlango ulikuwa umekamilika, na mlangoni palikuwa pamedariziwa mtu aliyesimama, mikono imelegea pembeni, anatazama. Mume hakuhitaji kuambiwa ni nani. Lile bega la kushoto lililoshuka kidogo kwa kubeba mbao, alikuwa amelala nalo miaka yote.

"Mpigie mdogo wako," alisema. "Mambo haya si ya kukaa nayo wawili."

Kitinda alifika kesho yake asubuhi na mganga aliyeitwa Shangazi na kila mtu, hata na watu waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye mfuko wa plastiki kwapani na simu iliyolia mara kwa mara, naye kila mara aliikata bila kuitazama. Hakupiga ramli wala hakupandisha macho. Aliingia chumba cha nyuma, akanusa, akaguna.

"Mama yenu hayumo humu," alisema. "Amekwenda zake, Mungu ampumzishe. Huyu ni mpita njia."

"Jini?" Kitinda aliuliza kwa kunong'ona.

"Jini. Amekuta sindano inatembea bila uzi. Kitu kinachofanywa kitupu, mchana kutwa, kwa moyo wote, ni kama nyumba iliyojengwa ikaachwa bila mtu. Wapo wanaotafuta nyumba za namna hiyo." Akawasha makaa kwenye chetezo, akatia ubani. "Basi niambieni. Kwa nini ilikuwa tupu?"

Ukutani, nyuma ya kioo, tup. Sss.

"Mama macho yalikuwa yamekwisha," Kitinda alisema. "Labda alidhani uzi umo."

"Mdarizi hajui kama sindano yake ina uzi? Hata angekuwa kipofu wa kuzaliwa." Shangazi hakumtazama Kitinda. Alikuwa anamtazama Mama Fremu. "Mimi namtoa kwa kumwambia yeye ni nani. Lakini hatoki mpaka aliyemfungulia aseme alimfungulia vipi. Ukisema nusu, atabaki nusu."

Mama Fremu aliangalia mikono yake. Ilikuwa na makovu ya vioo na mabaki ya gundi, mikono ya mtu mchapakazi, na kwa muda mrefu alikuwa ameitumia kujitetea mbele ya nafsi yake.

"Uzi ulikuwepo," alisema.

Tup, sss ikakoma.

"Nilimwambia umekwisha. Haukuwa umekwisha. Nilichoka kuitwa. Nililificha kopo. Nikawa nasimama pale mlangoni, namwona anatia sindano tupu, naondoka. Sikufanya hivyo siku moja, Kitinda. Nilifanya mpaka akafa."

Mumewe alikohoa, akatazama chini. Kisha, kwa kuwa mtu lazima afanye kitu, akachukua ngazi, akapanda juu ya kabati, akashuka na kopo la biskuti lenye vumbi, akampa Kitinda. Kitinda akalifungua. Nyuzi zilikuwa zimo, nyekundu, samawati, kijani kibichi, zambarau, zimejipanga kama zilivyopangwa na aliyezipenda.

"Nilikuwa nakuja kila Jumapili," Kitinda alisema. Hakupaza sauti. "Nakaa naye kutwa nzima. Ungeniambia mimi nimtungie."

Akalifunga kopo, akalikumbatia.

Shangazi aliagiza kioo kiondolewe, akakilaza kitambaa mapajani mwa Mama Fremu, akamwamuru afumue kwa kucha zake. Yeye akasimama nyuma yake, chetezo mkononi, akaanza kusema na jini maneno ya chini ya haraka, mengine yanaeleweka na mengine hayaeleweki. Mama Fremu akavuta unywele wa kwanza. Ulitoka, na kisogo kikamchoma kama cheche ya moto imeangukia hapo. Akavuta wa pili. Akafumua bega, akafumua mikono, na kila alipofumua sauti ya mama ilizidi kusikika kutoka ndani ya kile kitambaa, mwanzo ikiita, kisha ikilia, kisha ikisema mwanangu unaniumiza, mwanangu niache nimalizie, sina kazi nyingine duniani, nawe unaninyang'anya hii pia, na Mama Fremu akawa anafumua huku machozi na kamasi vinamwagika mikononi, anafumua na kusema nisamehe, nisamehe, mpaka Shangazi akampiga kofi la mgongo na kufoka, "Usimwombe msamaha huyo! Si wa kwako huyo!" na unywele wa mwisho ukakataa kutoka, ukakaza, ukakata ngozi ya kidole, akauzungusha mkononi akauvuta kwa nguvu zake zote.

Vioo vyote vya duka vikalia kwa pamoja, mlio mmoja mrefu, mwembamba, vile vilivyotundikwa na vile vilivyoegemezwa na vile vilivyokuwa bado kwenye maboksi. Kisha kukawa kimya. Shangazi alizitia nywele kwenye makaa, zikasokota, zikanuka, zikaisha. Hewa ya chumba ikabaki hewa ya kawaida yenye harufu ya mbao.

Kitambaa kilikuwa cheupe, na matundu yake yako palepale. Mama Fremu akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mlango. Mtu amesimama.

"Shangazi," alisema. "Nywele zilikuwa kazi ya jini. Na matundu? Ni mama aliyatoboa hivi? Alijua kwamba nasimama pale?"

Mganga alikuwa anakusanya vitu vyake. "Hilo siwezi kukuambia. Mimi nasema na majini, sisemi na waliokufa." Simu yake ikalia, akaikata. "Yangu nimemaliza. Yaliyobaki ni ya wewe na mdogo wako."

Lakini mdogo wake alikuwa ameshatoka, na kopo la biskuti amelibeba kifuani.

Kitinda hakupokea simu mwezi ule, wala uliofuata. Ujumbe aliotumiwa ulisomwa na haukujibiwa. Nyumba ilitulia kabisa, usiku na mchana, na mume akaanza tena utani wake. Nywele za Mama Fremu zikaanza kuota kisogoni, fupi, za kukwaruza. Kitambaa kilikaa kabatini kimekunjwa. Hakikutoa harufu, hakikutoa mlio. Kilichokuwa kikilia ni lile swali, likizama na kuibuka mchana kutwa bila jibu, kama sindano isiyo na uzi. Akiwa anapima mbao, alijua? Akiwa anapokea wateja, alijua? Kama hakujua, basi alikufa akiamini kwamba mtoto wake ameshindwa kununua hata uzi. Kama alijua, basi alikaa pale siku zote zile, akisikia nyayo zinakuja hadi mlangoni, zinasimama, zinaondoka, naye akanyamaza. Mama Fremu hakuweza kuamua lipi ni bovu zaidi.

Hatimaye ujumbe ukaja: *Nakuja kesho mchana. Tuongee.* Mama Fremu aliusoma mpaka maneno yakapoteza maana.

Kesho yake alifagia duka na nyumba. Mume alimwacha peke yake makusudi. Mchana alikuwa sebuleni anakunja nguo aliposikia mlango wa nyuma, kisha viatu vikivuliwa, kisha maji jikoni.

"Kitinda?"

"Ndiyo mimi, dada. Kaa hukohuko, nakuoshea hivi vyombo kwanza. Nikikutazama usoni nitalia, nisiseme nililokuja nalo."

Sauti ilikuwa imechoka, laini. Kupitia mlango ulio nusu wazi Mama Fremu aliona mgongo wa mdogo wake, gauni lake la bluu, viwiko vinavyokwenda na kurudi kwenye beseni. Akaketi. Akashika nguo mapajani asijue ni ya nani.

"Dada, nilikukasirikia kwa sababu nami nilikuwa na langu. Mama alijua."

Nguo ikamponyoka Mama Fremu mkononi.

"Alijua uzi upo. Aliniambia Jumapili moja. Nikataka kuja kukugombeza, akanishika mkono. Akasema, 'Mwache. Mwanangu amechoka. Amenibeba mpaka amechoka. Nikisikia amesimama mlangoni, moyo wangu unatulia, najua yupo.' Hakuwa na kinyongo, dada. Hata kidogo. Alikuwa anapenda ukisimama pale."

Machozi yalimtoka Mama Fremu kwa namna ambayo hayakuwahi kumtoka, hata msibani. Yalitoka kama kitu kilichokuwa kimeziba kimezibuliwa, na mwili wake wote ukalegea, na kwa mara ya kwanza tangu maziko akahisi anaweza kulala.

"Kweli alisema hivyo?"

"Maneno yake mwenyewe."

Simu ikatetemeka juu ya meza. Akaitazama kupitia machozi. Akaipokea taratibu, akaiweka sikioni.

"Dada," Kitinda alisema ndani ya simu, na nyuma yake palisikika honi za magari na mtu anayegombana na utingo. "Samahani nimechelewa. Gari limeharibika njiani, ndiyo kwanza wanatafuta jingine. Usije ukadhani nimeghairi. Nitafika tu. Dada? Upo?"

Jikoni, maji yalikuwa yameacha kumwagika. Ule mgongo wenye gauni la bluu ulikuwa umesimama wima, haugeuki, unasikiliza.

Mama Fremu aliutazama. Namba ya Shangazi ilikuwa katika simu ile ile.

"Usije leo," alisema kwenye simu.

"Nini? Dada, mimi niko nusu ya njia, nilikuwa nataka..."

"Siku nyingine, mdogo wangu. Leo nina mgeni."

Akaikata. Akaizima kabisa, akaiweka mezani kifudifudi. Kisha akainuka, akaenda hadi mlango wa jikoni, akasimama pale, mikono imelegea pembeni.

"Niambie tena," alisema. "Hapo aliposema nimechoka. Anzia hapo."